Barua Isiyo na Vituo

Mtu akisema na mwenzake uso kwa uso, maneno yake hayaendi peke yake. Sauti hupanda na kushuka, mkono huonyesha, jicho hucheka au husikitika. Msikiaji asipofahamu huuliza, na msemaji hurudia maneno yake kwa njia nyingine. Lakini maneno yaliyoandikwa husafiri peke yake. Yakifika yaendako, mwenyewe hayupo kuulizwa, sauti yake haisikiki, wala mkono wake hauonekani. Yote aliyotaka msomaji ayajue hana budi kuyatia katika karatasi. Hii ndiyo sababu watoto hufundishwa shuleni imla, na sarufi, na vituo, na kutunga habari. Kazi hizo hazikuwekwa ili kuwachosha; zimewekwa ili kuyalinda maneno ya mtu asiyekuwapo.

Kijana wa Mkonge

Na ufikiriwe mfano huu, ambao ungaliweza kutukia katika kijiji cho chote cha bara. Katika miaka ya 1930 vijana wengi walitoka makwao wakaenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kila mfanya kazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30, na mshahara wake alilipwa kipande kilipotimia.

Kijana mmoja amekwenda huko. Nyumbani amemwacha mtoto wake mdogo mwenye homa, na babu yake amelala kitandani, na baba yake yuko safarini. Baada ya miezi mitatu analetewa barua. Mwandishi wa barua ni mdogo wake, mvulana wa shule, ambaye ndiye peke yake ajuaye kuandika katika mji ule. Kijana mwenyewe hajui kusoma, basi anampa mwenzake mmoja amsomee mbele ya watu, jioni, mwanga wa moto ukiwaka. Katika karatasi mna maneno haya 16, hayana nukta wala mkato:

baba amerudi salamu zako amezipokea mama hajambo mtoto amekufa ng'ombe wetu mwekundu amepona babu anakusalimu sana

Msomaji anasoma polepole, akipumzika pale aonapo panafaa. Anasoma hivi: “Baba amerudi. Salamu zako amezipokea. Mama hajambo. Mtoto amekufa. Ng'ombe wetu mwekundu amepona. Babu anakusalimu sana.”

Kijana hangoji kusomewa mara ya pili. Kipande chake kimeandikwa siku 22. Zimebaki siku 8 tu apate mshahara wake. Anakiacha. Usiku ule ule anafunga mzigo wake, na alfajiri yuko njiani. Anakwenda siku nyingi, huku analia na huku amenyamaza. Anapofika mjini kwao, wa kwanza kutoka mbio kumlaki ni mtoto wake, mzima, mikono imejaa udongo wa kuchezea.

Furaha ya siku ile ni kubwa, hapana shaka. Lakini kesho yake mambo mengine yanajulikana. Ng'ombe mwekundu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa riziki ya nyumba, amekufa. Mshahara uliokusudiwa kununua ng'ombe mwingine umebaki Tanga. Mvulana wa shule anaitwa, anaulizwa kwa nini ameandika uongo. Naye anaichukua barua yake, anaisoma kama alivyokusudia: “Baba amerudi. Salamu zako amezipokea mama. Hajambo mtoto. Amekufa ng'ombe wetu mwekundu. Amepona babu, anakusalimu sana.”

Hakuna aliyesema uongo. Mwandishi aliandika kweli tupu, na msomaji hakuongeza neno wala hakupunguza. Maneno ni yale yale, na mfuatano wake ni ule ule. Kilichokosekana ni vidoa vichache vya wino, ambavyo vingaliwekwa kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Ili maneno yafike salama, mwandishi humpa msomaji wake wa mbali misaada minne: herufi, nafasi, upatanisho na vituo. Msaada mmoja ukikosekana, mitatu mingine hujaribu kuubeba mzigo wake, na pengine huuweza na pengine hushindwa.

Herufi

Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili zamani sana, kabla ya kuja kwa shule za namna ya sasa. Walitumia herufi za Kiarabu. Barua za Kiswahili za kale zaidi zijulikanazo ziliandikwa Kilwa katika mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa hata leo katika nyumba ya hati za kale huko Goa, katika Bara Hindi. Barua za zamani zilikuwa na adabu yake. Kwanza zilikuja salamu na heshima nyingi. Kisha yalikuja maneno “wa baadu”, yaani “na baada ya hayo”, ambayo yalimwambia msomaji kwamba salamu zimekwisha na sasa habari yenyewe yaanza.

Lakini herufi za Kiarabu zilifanywa kwa ajili ya Kiarabu, na Kiarabu hakina sauti zote za Kiswahili. Hakina p, wala v, wala ch. Kwa hiyo waandishi wengi wa zamani waliandika b mahali pa p, na f mahali pa v. Tena alama moja ilisimama badala ya o na u, na nyingine moja badala ya e na i. Basi neno “pata” liliweza kusomwa “bata”, na neno “wavu” liliweza kusomwa “wafu”. Mwanamke aliyeandikiwa kwamba mumewe amevua hakuweza kujua kwa herufi peke yake kama mume huyo amevua samaki au amefua nguo. Msomaji alipaswa kuifahamu habari kwanza, ndipo aweze kuyasoma maneno yake. Wataalamu wa Mombasa waliiona shida hiyo, wakaongeza alama katika herufi ili kuondoa shaka.

Herufi za Kirumi zilipoingia katika karne ya 19, shaka hiyo ilipungua, lakini ikaja nyingine. Kila mtu aliandika kwa namna alivyosikia. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa katika watu wa kwanza kuandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Kitabu hicho kilipigwa chapa huko Ujerumani mwaka 1850, na ndani yake lugha hii iliitwa “Kisuaheli”. Kamusi yake ilipotolewa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, jina liliandikwa “Suahili”. Ikiwa jina la lugha yenyewe lilibadilika hivyo, msomaji aweza kufikiri maneno mengine yalivyokuwa.

Hata leo mwanafunzi huandika kama kinywa chake kisemavyo, na vinywa havifanani. Katika lugha nyingi za bara l na r hazitenganishwi. Mtoto aliyekua katika lugha ya namna hiyo huandika “mahali” na “mahari” bila kuona tofauti. Lakini kaka akimwandikia baba yake kwamba ametafuta mahali na bado hajapata, baba ataandaa nyumba ya kumpangisha. Akiandika kwamba ametafuta mahari, baba ataangalia zizi lake la ng'ombe. Imla ni dawa ya ugonjwa huo. Mwalimu hutamka, mwanafunzi husikiliza, kisha huandika. Na kosa likionekana, masikio na mkono hufundishwa pamoja.

Watu wa nchi mbalimbali hawawezi kusomeana vitabu pasipo mapatano. Kwa hiyo mwezi wa Juni 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na shule. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha kwa ajili ya nchi nne, ndizo Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Kiswahili iliyotumiwa sana baadaye. Si kwamba Kimvita au Kiamu ni lugha mbaya. Mashairi mengi mazuri ya kale yalitungwa kwa lugha hizo, na wenyeji wake walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini kama vile watu wa soko moja wapatanavyo juu ya ukubwa wa pishi, ili muuzaji na mnunuzi wasigombane kila siku, ndivyo ilivyokuwa lazima wapatane juu ya maandiko.

Nafasi

Mtu akisema, maneno hufuatana kama maji ya mto. Hapana mwanya kati ya neno na neno. Katika maandiko mwanya huo hauna budi kuwapo, na mwanafunzi hana budi kujua wapi auweke.

Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alikuwa amesomea sheria, tena alijua kazi ya kupiga chapa. Aliwasikiliza watu wa Unguja wakisimulia hadithi zao, akaziandika, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi hizo na kitabu cha sarufi. Mtambo wa kupigia chapa ukawekwa Unguja, na wavulana waliokombolewa katika utumwa wakafundishwa kazi yake.

Kazi hiyo yafaa kufahamika, maana yafundisha jambo kubwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, nacho kimegeuzwa kinyume, kama umbo lionekanavyo katika kioo. Mpangaji alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akachukua herufi moja moja, akazipanga katika chuma alichokishika mkononi. Alipomaliza neno moja, hakuweza kuacha pengo tupu, kwa sababu herufi zingalianguka. Alichukua kipande kingine cha risasi kisicho na herufi juu yake, akakitia kati ya neno na neno. Kwa mpangaji, basi, nafasi haikuwa upungufu wa kitu. Ilikuwa kitu chenyewe, chenye uzito, kilichokaa katika chumba chake ndani ya sanduku. Alipokisahau, kosa lilionekana katika kila karatasi iliyopigwa siku ile.

Mwanafunzi mwenye kalamu afanye vivyo hivyo, aione nafasi kuwa ni kitu. “Watoto walikula” ni habari ya watoto walioshiba. “Watoto wali kula” ni maneno yaliyovunjika, na msomaji atasimama kutafuta sahani ya wali. Viungo vya tendo hushikamana na tendo: “nimekuja”, wala si “nime kuja”, “watakapofika”, wala si “wataka pofika”. Lakini neno linalosimama kwa miguu yake mwenyewe huachiwa nafasi yake: “nina nyumba”, wala si “ninanyumba”, “kwa sababu”, wala si “kwasababu”.

Upatanisho

Wageni waliokuja kujifunza Kiswahili walistaajabu kuona namna jina linavyotawala maneno mengine yote. Mtu asemapo “kisu”, maneno yafuatayo huvaa nguo ya kisu: “Kisu kile kikali kimevunjika.” Visu vikiwa vingi, wote hubadili nguo pamoja: “Visu vile vikali vimevunjika.” Ukiwa ni mti, “Mti ule mrefu umeanguka”, ikiwa ni miti, “Miti ile mirefu imeanguka.” Mambo hayo hayakutungwa na mwalimu wala na mwandishi wa kitabu cho chote. Yalikuwa katika vinywa vya watu kabla kalamu haijafika, na mtoto aliyezaliwa katika lugha ya Kibantu huyajua tangu alipokuwa akinyonya. Kitabu cha sarufi hakikuyaleta. Kiliyakuta, kikayahesabu, kikayapanga.

Wengine husema, “Nikiandika ‘vitabu yangu imepotea’, si watu watafahamu?” Pengine watafahamu, ikiwa habari ni fupi na msomaji ni jirani. Lakini upatanisho si pambo. Ni kamba inayolifunga neno na mwenyewe, hata maneno mengine yakiingia katikati. Na isomwe sentensi hii:

Kikapu cha mama kilichopotea kimeonekana.

Kisha isomwe hii:

Kikapu cha mama aliyepotea kimeonekana.

Katika sentensi ya kwanza, kilichopotea ni kikapu, na watu wanafurahi. Katika ya pili, aliyepotea ni mama, na kikapu chake kimeonekana peke yake, labda kando ya mto, watu wanalia. Tofauti yote imo katika kipande kidogo cha neno moja. Mwandishi asiyeangalia upatanisho aweza kuipeleka nyumba nzima matangani kwa ajili ya kikapu.

Tena yafaa mwanafunzi ajue mahali ambapo kamba hii haitoshi. “Mtoto wa mfalme aliyekufa”: ni nani aliyekufa, mtoto au mfalme? Upatanisho hauwezi kujibu, kwa kuwa mtoto na mfalme wote wawili ni wenye uhai, na wote huvaa nguo moja. Hapo mwandishi hana budi kuyageuza maneno yake, aseme: “Mfalme alikufa, akaacha mtoto,” au aseme: “Mtoto wa mfalme amekufa.” Ndivyo ilivyokuwa katika barua ya kijana wa mkonge. Baba, mama, mtoto, ng'ombe na babu, wote ni wenye uhai. Neno “amekufa” liliweza kufungwa na mtoto, na liliweza kufungwa na ng'ombe. Laiti kilichoharibika kingalikuwa kibanda, barua ingalisema “kimeanguka”, na hapana mtu angalimlilia mtoto. Kamba ilipokosa nguvu, kazi yote iliviangukia vituo, navyo havikuwapo.

Vituo

Kituo ni alama imwambiayo msomaji apumzike wapi, na kwa sauti gani. Nukta hufunga habari moja. Mkato hutenga sehemu za habari ile ile. Alama ya kuuliza hugeuza sauti.

Katika lugha nyingine za Ulaya, mtu akiuliza hupindua maneno, na mpinduo huo wenyewe hujulisha kwamba ni swali. Kiswahili hakina haja ya hayo. “Baba amepona” na “Baba amepona?” ni maneno yale yale, kinywani hutofautishwa na sauti tu. Kwa hiyo katika karatasi alama ya kuuliza ndiyo sauti yenyewe. Mtoto akimwandikia mjomba wake “Baba amepona” naye alikusudia kuuliza, mjomba atashukuru, ataendelea na shughuli zake, wala hatajibu neno. Na mtoto atangoja jibu siku nyingi.

Mkato nao una nguvu kuliko udogo wake. “Baba Juma amekuja” maana yake ni kwamba mtu aitwaye Baba Juma amefika. “Baba, Juma amekuja” maana yake ni kwamba baba anaitwa, anaambiwa kuwa Juma amefika. Mkato mmoja umemtoa mtu mmoja mlangoni ukamweka mwingine.

Wanafunzi wengi huambiwa watie kituo pale wanapovuta pumzi. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mwanzo, lakini haitoshi, kwa maana mmoja ana pumzi ndefu na mwingine ana pumzi fupi. Kanuni iliyo bora ni kuuliza: “Je, nimekwisha taja ni nani, na amefanya nini?” Yakiwa mambo hayo mawili yamekwisha semwa, na jambo jipya linataka kuanza, hapo ndipo pa nukta.

Kutunga na Kusahihisha

Misaada hii minne ikiwa mikononi mwa mwanafunzi, bado iko kazi moja, nayo ni kupanga habari. Mwanafunzi wa kwanza hunakili maneno ya ubaoni. Akiendelea huandika imla. Mwisho huambiwa atunge maneno yake mwenyewe, na hapo wengi hukaa na kalamu mkononi wakitazama dirishani. Sababu yake ni kwamba wanataka kuandika kabla ya kufikiri. Mjenzi hasimamishi nguzo kabla ya kupima kiwanja. Mwanafunzi ajiulize kwanza: Ninamwandikia nani? Anajua nini tayari? Ni jambo gani kubwa ninalotaka alijue? Jambo hilo lisifichwe katikati ya mengine kama sindano katika majani. Liwekwe mahali litakapoonekana.

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, tena akawa mtungaji mkubwa wa Kiswahili. Pamoja na mashairi na hadithi zake aliandika kitabu kiitwacho Kielezo cha Insha, kilichotolewa mwaka 1954, ili kuwaongoza wengine katika kutunga. Mtu mwenye kipawa kama chake hakudharau kuwafundisha wanafunzi kazi hii, kwa kuwa alijua kwamba ufasaha hufunzwa.

Maneno yakiisha kuandikwa, hayajawa tayari kutumwa. Mwandishi mwema huyasoma tena mara nne. Mara ya kwanza huitazama maana: je, habari imekamilika, nayo iko katika mpango wake? Mara ya pili hutazama upatanisho: je, kila tendo na kila sifa vimefungwa na jina lake? Mara ya tatu hutazama herufi na nafasi. Mara ya nne husoma kwa sauti, akifuata vituo alivyoviandika, wala si vile vilivyo kichwani mwake. Hapo ndipo makosa mengi huonekana, maana sikio ni mwalimu mkali kuliko jicho.

Tena iko njia bora kuliko hizo zote, nayo haina gharama. Mwandishi ampe mwenzake asiyeijua habari, aisome kwa sauti, na mwandishi mwenyewe anyamaze. Msomaji akisitasita, mwandishi asimweleze, bali achukue kalamu arekebishe pale aliposita. Mdogo wa yule kijana aliisoma barua yake kabla ya kuituma, nayo ikamridhisha, kwa sababu alijua tayari kwamba mtoto ni mzima. Angalimpa jirani asiyejua lo lote, jirani angaliuliza kwa hofu, “Mtoto amekufa?” Na barua ingalisahihishwa palepale barazani.

Barua ile ingaliweza kuandikwa hivi:

“Ndugu yangu mpenzi, mtoto wako hajambo kabisa, homa imekwisha. Baba amerudi salama. Mama amezipokea salamu zako. Babu amepona, naye anakusalimu sana. Lakini ng'ombe wetu mwekundu amekufa. Maliza kipande chako, ndipo urudi.”

Barua hii haina maneno magumu hata moja. Jambo lililokuwa likimtia baba hofu limetangulia. Kila jina limekaa karibu na tendo lake. Habari mbaya imetajwa, wala haikufichwa, lakini haiwezi kumwangukia mtu asiyehusika. Naye kijana, akisomewa jioni mbele ya moto, atasikitika kwa ajili ya ng'ombe, atamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na asubuhi atakwenda kazini kutimiza siku zake 8.

Katika miji mingi ya zamani mtoto wa shule ndiye aliyekuwa kalamu ya ukoo mzima. Wazee walimjia na maneno yao, wakamkabidhi furaha zao na misiba yao, wakamwamini. Na ye yote aandikaye kwa niaba ya mwingine, hata leo, amechukua amana. Amana hairudishwi pungufu.

Maswali na Mazoezi

1. Kwa nini maneno yaliyoandikwa yanahitaji vituo kuliko maneno yanayosemwa?
2. Kijana wa mkonge alipata hasara gani kwa sababu ya barua? Nani alikosa, mwandishi au msomaji? Toa sababu zako.
3. Eleza tofauti ya maana kati ya sentensi hizi: “Mama, mgonjwa amelala.” “Mama mgonjwa amelala.”
4. Sahihisha: “Kiti yangu ime vunjika nataka fundi aitengeneze kwasababu sina ingine.”
5. Andika barua fupi ya habari za nyumbani kwa ndugu aliye mbali. Kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti, nawe unyamaze.